Kupima vyakula vya kiwandani katika nyumba za Lamu, na kuisoma hatari yake bila kuitia chumvi

Anayetaka kujua kama vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi vimefika Lamu na asimame gatini wakati maboti ya kutoka Mokowe yanaposhusha mizigo. Ataona katoni za biskuti, kreti za soda, ndoo za majarini na maboksi ya tambi za pakiti zikipandishwa mabegani mwa wapagazi na migongoni mwa punda, kisha zikipotelea vichochoroni. Hata hivyo, katoni iliyoko gatini haituelezi ni nani aliyekula, alikula kiasi gani, wala chakula hicho kilichukua nafasi ya kipi katika sinia ya nyumba fulani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu, wanafunzi wa vyuo na mtu mwingine yeyote anayetaka kuyajibu maswali hayo kwa uangalifu, kisha kuyalinganisha majibu yake na yale ambayo utafiti umekwisha kuyaeleza kuhusu kisukari, moyo na saratani.

Kinachopimwa hasa

Mpangilio unaotumika zaidi duniani unaitwa NOVA. Ulipendekezwa mwaka 2009 na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, nao hugawa vyakula katika makundi manne kwa kuangalia namna vilivyotengenezwa na kwa madhumuni gani. Kundi la kwanza ni vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo tu: samaki mbichi, mchele, kunde, maziwa, ndizi, nazi iliyokunwa kwa mbuzi. La pili ni viambato vya kupikia kama sukari, chumvi, samli na mafuta. La tatu ni vyakula vilivyosindikwa kwa njia za kawaida, kwa mfano ng'onda aliyetiwa chumvi na kuanikwa, au achari ya embe. La nne ndilo tunalolitafuta, yaani bidhaa zinazoundwa kiwandani kwa vitu vilivyochujwa au kubadilishwa kutoka katika vyakula, zikaongezwa rangi, ladha, utamu bandia au vitu vya kuzifanya laini na za kuvutia, vitu ambavyo mpishi wa nyumbani hana kabatini mwake.

Hapa ndipo wapimaji wengi huteleza. Kundi la nne si jina jingine la chakula kibaya, na makundi matatu ya mwanzo hayana cheti cha usalama. Mahamri yaliyokandwa nyumbani kwa unga, tui, sukari, hamira na iliki, yakakaangwa kwa mafuta, hayaingii kundi la nne, lakini mtu mwenye kisukari anayekula sita kila asubuhi hajanusurika kwa sababu hiyo. Halwa nayo ni vivyo hivyo, kwani sukari yake haipungui kwa kuwa ilikorogwa kwa mkono. Kwa hiyo weka safu mbili tofauti katika daftari lako tangu siku ya kwanza: moja ya kiwango cha usindikaji, na nyingine ya sukari, chumvi na mafuta. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari iliyoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku na chumvi isizidi gramu 5, na mapendekezo hayo hayatofautishi kati ya sukari ya kiwandani na ile uliyoichota mwenyewe kwa kijiko.

Kuuliza juu ya jana

Njia inayofaa zaidi kwa mtu asiye na vifaa vingi ni kumbukumbu ya saa 24, ambapo mhojiwa hueleza kila alichokula na kunywa siku iliyotangulia. Inaonekana kuwa rahisi, lakini kwetu ina mtego wake, nao unaanzia kwenye neno jana. Kwa hesabu ya wazee wetu, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likichwa. Vijana wengi waliozoea kalenda ya shule huuita usiku huohuo usiku wa Alhamisi. Ukiuliza kwa jina la usiku, bibi na mjukuu wanaoishi nyumba moja watakupa chakula cha masiku mawili tofauti, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Suluhisho nililolizoea ni kuacha saa na majina ya siku, na kufuata sala. Anza pale mtu alipoamka alfajiri ya jana, nenda naye hadi adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, kisha umalizie alfajiri ya leo. Karibu kila mtu mjini anakumbuka alikuwa wapi kila adhana ilipoita, na akikumbuka alipokuwa, hukumbuka pia kilichokuwa mkononi mwake. Ramadhani ikiingia, geuza mzunguko uanze magharibi, kwa futari, uishie magharibi ya siku ya pili, na usizichanganye siku hizo na za kawaida katika hesabu moja.

Mtego wa pili uko kwenye neno chai. Nilimuuliza mama mmoja wa Langoni alikula nini asubuhi, akanijibu, "Sikula kitu, mwanangu, nilikunywa chai tu." Nilikuwa nimekwisha kuandika kikombe kimoja cha chai ya maziwa nilipokumbuka kumuuliza, "Chai kwa nini, mama?" Ikawa ni chai kwa vipande vinne vya mkate wa kukatwa uliopakwa majarini. Kwetu chai ni jina la mlo kabla haijawa jina la kinywaji, na mpimaji asiyeuliza swali hilo la pili atapoteza sehemu kubwa ya kile alichokuja kukitafuta, kwa kuwa mkate, biskuti na majarini hujificha papo hapo.

Mwache mhojiwa aeleze siku yake yote bila kukatizwa, ndipo urudi mwanzo na kuuliza juu ya vitu vinavyosahaulika: soda ya barazani, peremende, chingamu, juisi ya unga aliyopewa alipokwenda kumtembelea jirani, krispi ambazo mtoto alizibakisha na mama akazimalizia. Wanaume wanaotafuna miraa waulizwe waziwazi lakini kwa upole kuhusu vinywaji vitamu na chingamu vinavyoandamana nayo. Uso wa anayeuliza usibadilike, maana mtu akihisi kwamba anahukumiwa, jibu lake la tatu litakuwa ni samaki na mboga tupu.

Siku moja haitoshi kueleza mazoea ya mtu. Chukua angalau siku mbili au tatu zisizofuatana kwa kila mhojiwa, na katika kundi zima hakikisha kuwa Ijumaa haikuzidi wala kukosekana, kwa sababu chakula cha Ijumaa si cha Jumanne. Usipime katika siku za Maulidi ukadhani umepima mwaka. Ukiweza, rudi katika misimu yote miwili, kwa sababu kusi likichafua bahari na samaki wakiadimika, kitoweo cha pakiti au cha kopo hupata nafasi ambayo wakati wa kaskazi hakikuwa nayo.

Palipo na haraka, upo pia mfano wa watafiti wa Brazil ambao wametengeneza orodha fupi ya aina 23 za bidhaa za kundi la nne. Mhojiwa hujibu ndiyo au la kwa kila aina kwa siku iliyopita, na idadi ya ndiyo huwa ndiyo alama yake. Inafaa kwa kulinganisha mitaa au shule, mradi mifano iliyomo ibadilishwe iwe ya maduka yetu, lakini haikuelezi kiasi kilicholiwa.

Kukisia kiasi katika sinia

Vitabu vingi vya upimaji hudhani kwamba kila mtu ana sahani yake. Nyumba zetu nyingi hula katika sinia, watu watano mikono mitano, na hakuna anayejua fungu lake ni gramu ngapi. Nimeona inasaidia kumpa mhojiwa sinia tupu na mchele mkavu, nikamwomba apange kilima cha wali kama kilivyokuwa mezani, kisha aonyeshe kwa kidole mpaka wa upande wake. Halafu upime kwa kikombe. Kwa samaki, mwulize ni kipande cha wapi, cha kichwa, cha kati au cha mkia. Vitu vya kundi la nne ni afadhali, kwa kuwa huja na uzito ulioandikwa: pakiti ya tambi ya gramu 70, chupa ya soda ya mililita 300. Vyakula vya barabarani, kama viazi karai, bajia na mahamri, nunua mwenyewe kumi kwa wauzaji mbalimbali, upime kwa mizani ya jikoni, na uchukue wastani. Kazi hiyo ya asubuhi moja itakufaa kwa mwaka mzima.

Kuingiza kila chakula katika kundi lake

Chakula kilichopikwa nyumbani kivunjwe katika viambato vyake. Wali wa nazi ni mchele, tui na chumvi. Ikiwa mchuzi umetiwa kibonge cha mchuzi cha dukani, kibonge hicho pekee ndicho kinachoingia kundi la nne, si sufuria nzima. Usiruhusu majina yakudanganye. Tambi zetu za kukaanga kwa sukari na nazi ni unga na maji, hivyo ni kundi la kwanza kabla hujazitia sukari, ilhali tambi za pakiti zenye kijifuko cha viungo ni kundi la nne, na katika mazungumzo zote ni tambi. Krispi za muhogo zinazofungwa katika mfuko mweupe usio na maandishi, zikiwa ni muhogo, mafuta, chumvi na pilipili, hazilingani na krispi za viazi zenye ladha ya kuku ambaye hakuwahi kupita karibu nazo. Juisi ya ukwaju iliyochujwa nyumbani haiko pamoja na ile ya unga wa rangi. Tui la kopo halina jibu moja, kwa hiyo soma kibandiko chake.

Kusoma kibandiko ni ufundi, na hufanyika vizuri zaidi nje, kwenye mwanga, kwa sababu maandishi yake ni madogo kupita chembe za mtama. Viambato hupangwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Nilipoisogeza pakiti moja ya biskuti za watoto dirishani, nilisoma unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, sharubati ya glukosi, vya kuumulia, chumvi, lesithini ya soya, ladha. Unga, sukari, mafuta na chumvi vipo katika jiko lolote la Mkomani. Sharubati ya glukosi, lesithini na ladha havipo, na kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuipeleka biskuti hiyo katika kundi la nne. Alama nyingine za kutafuta ni maltodekstrini, protini iliyotengwa, E471 ambayo ni emulsifaya (kitu cha kuyafanya mafuta na maji yachanganyike), E621 ya kukoleza ladha, rangi kama E102, na utamu bandia kama E950 na E951. Lakini usiogope kila herufi ya E. E300 ni vitamini C, na kihifadhi peke yake hakitoshi kukitoa chakula katika kundi la tatu.

Mkate umenisumbua kuliko vyote. Ule wa kiwandani una kibandiko, na mofa wa mtama uliookwa nyumbani hauna utata. Uliobaki katikati ni mkate wa ngano wa tanuri za mjini, unaouzwa ungali moto bila karatasi wala maandishi, na ambao kwa muda mrefu niliuandika katika kundi la tatu kwa kudhani tu. Alfajiri moja nilikwenda nyuma ya tanuri mojawapo nikamwomba fundi anionyeshe anachotia. Alinionyesha unga, hamira, chumvi, sukari na mafuta, kisha akafungua mfuko wa unga mweupe anaouita improva, ambao kwenye maandishi yake ulikuwa na emulsifaya. Kiasi kilikuwa vijiko vichache katika gunia, lakini kwa kanuni za NOVA mkate ule ulihama kundi. Tanuri ya pili niliyoikagua haikutumia kitu hicho. Tangu hapo siandiki mkate wa tanuri bila kujua ni wa tanuri ipi.

Vitu visivyo na jibu la wazi, kama halwa iliyotiwa rangi ya kopo, viwekwe katika orodha yao maalumu. Wawili wapange makundi kila mmoja peke yake, kisha walinganishe, na palipo na tofauti ukate shauri na kuandika sababu. Piga picha ya kila kibandiko na uandike tarehe, kwa kuwa viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya pakiti.

Hesabu yenyewe

Kipimo kinachotajwa sana ni sehemu ya nishati ya siku inayotokana na kundi la nne. Nishati ya vyakula vya pakiti ipo kwenye kibandiko, na ya vyakula vyetu ipo katika majedwali ya viinilishe ya Kenya yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Chukua mfano wa kujifunzia, siku ya mwanafunzi wa sekondari. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa, kilokalori 150, kwa gramu 120 za mkate wa kukatwa, kilokalori 300, na gramu 10 za majarini, kilokalori 70. Mapumziko alikunywa soda ya mililita 300 yenye sukari gramu 32, ambazo kwa kilokalori 4 kila gramu ni 128, pamoja na biskuti za kilokalori 230. Mchana alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, 700. Alasiri viazi karai, 250. Usiku chapati mbili na maharagwe ya nazi, 550. Jumla ni 2,378. Kundi la nne lina mkate, majarini, soda na biskuti, ambazo ni 728, yaani karibu asilimia 31.

Sasa jaribu kuondoa mkate katika kundi la nne, kama vile ungekuwa wa ile tanuri isiyotumia improva. Zinabaki 428, nayo asilimia hushuka hadi 18. Kijana ni yuleyule na tumbo ni lilelile, lakini jibu moja kuhusu mkate limeondoa zaidi ya theluthi ya kipimo. Kwa sababu hiyo toa matokeo mara mbili, vitu vyenye shaka vikiwamo na vikiwa nje, na uandike namba zote mbili.

Wapo wanaopima kwa uzito badala ya nishati, kama walivyofanya watafiti wa Ufaransa nitakaowataja hivi punde, na wana hoja. Mwanafunzi huyu akibadilisha soda yake kwa ile isiyo na sukari, sehemu ya nishati itapungua hadi asilimia 27 ingawa kinywaji cha kiwandani hakijapungua hata tone. Kwa uzito hakuna kitakachobadilika. Ukichagua njia moja, itaje, na usilinganishe namba ya uzito na namba ya nishati ya mtu mwingine.

Kuisoma hatari

Ushahidi wa majaribio ni mchache lakini mmoja una uzito wa pekee. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 katika wodi, wiki mbili kwa vyakula vya kundi la nne na wiki mbili kwa vyakula visivyosindikwa, milo ikiwa imelinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzi, na kila mtu akiruhusiwa kula atakavyo. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na wakaongeza wastani wa kilo 0.9, na katika wiki nyingine wakapungua kiasi kama hicho. Jaribio hilo linaonyesha sababu na matokeo, lakini kwa uzito wa mwili na kwa muda mfupi. Halikupima kiharusi wala saratani.

Maradhi ya miaka mingi huchunguzwa kwa kufuatilia watu. Katika uchunguzi wa NutriNet-Santé wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na washiriki 105,159, kila ongezeko la pointi 10 katika asilimia ya vyakula hivyo liliandamana na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu iliyo juu kwa asilimia 12. Namba hiyo ikisimuliwa peke yake hutisha. Iweke kando ya nyingine kutoka kazi hiyohiyo: kati ya waliokula kidogo zaidi, walioathirika walikuwa 242 kwa kila miaka 100,000 ya ufuatiliaji wa watu (mtu mmoja akifuatiliwa mwaka mmoja huhesabiwa mwaka mmoja), na kati ya waliokula zaidi walikuwa 277. Tofauti ipo, nayo kwa mji au nchi si ndogo, lakini haimruhusu mtu kumwambia mwanafunzi wetu wa asilimia 31 kwamba atapata ugonjwa wa moyo. Washiriki wale, aidha, walikuwa watu wa kujitolea wa Ufaransa, karibu wanne katika watano wakiwa wanawake.

Mapitio makubwa ya mwaka 2024, yaliyokusanya uchambuzi 45 na watu karibu milioni 10, yaliona uhusiano wenye ushahidi wa nguvu zaidi katika vifo vya magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na wasiwasi wa akili. Bidhaa zote za kundi la nne hazikulingana, hata hivyo. Vinywaji vitamu na nyama za kusindikwa ndizo zinazobeba mzigo mkubwa katika tafiti nyingi, na nyama hizo zimewekwa tangu mwaka 2015 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani na shirika la kimataifa la utafiti wa ugonjwa huo. Mikate ya nafaka nzima ya viwandani haikuonyesha madhara ya namna hiyo. Ndiyo maana naomba kila mpimaji atoe, kando ya asilimia ya jumla, hesabu ya soda na ya soseji peke yake.

Kama unataka kutafuta uhusiano na maradhi hapa kwetu, jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni mambo yanayokwenda pamoja. Mtu anayekunywa soda tatu kila jioni huenda anazinywa kwa sababu ya miraa, na miraa yenyewe hupandisha presha. Usipoandika miraa, tumbaku, usingizi na kipato, utaishitaki soda kwa kosa ambalo haikulitenda peke yake. La pili ni ugonjwa kutangulia chakula. Mwenye kisukari akishaambiwa hali yake, huacha halwa akanunua biskuti zilizoandikwa kuwa ni za wagonjwa wa sukari pamoja na vidonge vya utamu bandia. Ukimpima siku hiyo, utamkuta na kundi la nne kubwa na kisukari pamoja, na jedwali lako litasema kwamba biskuti ndizo zilizomwugulisha. Uliza ugonjwa ulijulikana lini, na kabla ya hapo alikuwa akila nini. Uchunguzi wa siku moja au mbili hauwezi kuthibitisha chanzo, hata ukiwa na watu elfu, na ripoti yako iseme hivyo katika ukurasa wake wa kwanza.

Majibu yarudishwe kwa wenyewe, kwa sababu walikupa siku yao na siri za jiko lao. Usimpelekee mtu asilimia tupu. Mpelekee vitu vilivyoijenga, kwa mpangilio wa ukubwa. Kwa mwanafunzi wetu, katika kilokalori 728, mkate na biskuti ni 530, soda ni 128 na majarini ni 70, kwa hiyo mazungumzo na mama yake yaanze kwenye chai ya asubuhi na pesa ya mapumziko. Mwulize mama mkate huo unatoka tanuri ipi, na kama mofa au vibibi vinaweza kurudi angalau siku tatu za wiki bila kumwamsha saa kumi za usiku. Akisema haiwezekani, liandike jibu hilo nalo katika daftari, pamoja na sababu yake.